Biblia ya mgonjwa na deni la kupona

Waswahili wa zamani walipougua walisema "siwezi". Ukiuliza habari za jirani aliyelala ndani siku ya tatu, jibu lilikuwa neno moja: hawezi. Kiswahili hicho kimehifadhiwa katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, na ndicho Yakobo anachokitumia katika sura ya tano: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana." Aya hiyo husomwa sana kando ya vitanda vya wagonjwa. Ndiyo pia inayoshtakiwa.

Shtaka ni kwamba matumaini ya namna hii huwachelewesha watu hospitali, huwaachisha dozi, na mwisho huwaua. Wanaoshtaki wana ushahidi. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapila, yule tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kilikuwa shilingi 500, na Babu alisema Mungu ndiye aliyemwotesha. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita. Walikwenda mawaziri, wakaenda na wagonjwa walionyofolewa wodini na ndugu zao, baadhi wakiwa hawajiwezi hata kukaa. Wapo waliokata roho wakingoja zamu. Wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ambao waliporudi nyumbani waliziweka kando, kwa kuwa kikombe kilikuwa "kimemaliza kazi". Babu alifariki mwaka 2021. Mhudumu wa kliniki aliyewapokea watu hao miezi kadhaa baadaye, wakiwa wamekonda, msimtarajie achangamke akisikia mahubiri ya uponyaji.

Shakahola kule Kilifi, Kenya, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni kuanzia mwaka 2023, ilikuwa habari ya watu kufunga hadi kufa, lakini mafundisho yaliyoitangulia yaliikataa hospitali pia. Na wodi za saratani zina ushahidi wao wa kimyakimya. Mama anafika uvimbe ukiwa umeshapasuka. Ukimuuliza mwaka mzima alikuwa wapi, atamtaja mganga, atataja mikesha ya maombi. Atataja nauli na kukosa bima pia, ingawa sisi waandishi huyaruka hayo mawili kwa sababu hayana msisimko.

Kisha iko namba, na hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 2006 Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali sita za Marekani. Wagonjwa 1,802 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo waligawanywa makundi matatu. Makundi mawili yaliambiwa: huenda mtaombewa, huenda hamtaombewa. Moja likaombewa, jingine halikuombewa. Kundi la tatu liliambiwa wazi kwamba litaombewa, na ikawa hivyo. Waombaji walitoka katika vikundi vitatu vya Kikristo; walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 upasuaji ufanikiwe na pasitokee matatizo. Walioombewa bila kuwa na hakika, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa, asilimia 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, asilimia 59.

Asiyeamini huzishika hizo 52 na 51 na kusema mchezo umekwisha. Mwamini hukumbusha kwamba imeandikwa "Msimjaribu Bwana, Mungu wenu", akafunga kitabu. Mimi namba inayonikera ni ya tatu. Watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda ilitokea kwa bahati tu. Mmoja wao alikisia pia kwamba mgonjwa pengine alijiuliza: hali yangu imefikia wapi hata waombaji waitwe? Inawezekana. Lakini mtu aliyekulia katika makanisa yetu anaweza kuisoma 59 kwa jicho jingine.

Ukimwambia mgonjwa "tunakuombea upone", umempa zawadi, na mara nyingine umemkopesha. Sasa anadaiwa kupona. Sikilizeni maneno yetu wenyewe: "pokea uponyaji wako", "kiri kwa kinywa chako", "usikubali ugonjwa". Jumapili inayofuata inasubiri ushuhuda. Katika jumuiya yetu alikuwapo mama mmoja wa figo ambaye miguu ilianza kumvimba tena wiki mbili baada ya maombezi makubwa. Alivaa soksi nzito kwenye joto la Dar es Salaam ili waliomwombea wasione. Alipokuja kuulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakutaka kuwaaibisha, maana walifunga siku tatu kwa ajili yake. Hakwenda kliniki pia, kwa sababu kwenda kliniki kungekuwa kukiri kwamba uponyaji haukutokea. Sijui mnasemaje, ila mimi nikiisoma ile 59 naziona zile soksi.

Hapo ndipo nadhani pande zote mbili zinakosea kosa lilelile. Mhubiri wa kipaza sauti na mwanasayansi mwenye kejeli wanakubaliana, bila kujua, kwamba maombi ni aina ya dawa: yanafanya kazi au hayafanyi, na kipimo chake ni kupona. Tofauti yao ni majibu ya maabara tu. Mgonjwa mwenye Biblia chini ya mto, ambaye hajawahi kuombwa maoni yake, kwa kawaida anafanya jambo tofauti kabisa.

Turudi kwa Yakobo, tumsome polepole. Anayeita ni mgonjwa. Wazee hawaji bila kuitwa, wala hawaombi kwa mbali wakiwa na jina moja na herufi moja. Wanakwenda, wanaingia ndani, wanamgusa mtu kwa mafuta. Mtu asiyeweza anawekwa katikati ya wanaoweza. Halafu angalieni kinachoahidiwa: "Na kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa yule, na Bwana atamwinua, hata ikiwa amefanya dhambi, atasamehewa." Kutamwokoa, atamwinua, atasamehewa. Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya "atamwinua" ndicho kinachotumika kwa Kristo kufufuka. Aya hiyo ina nafasi ya mtu kutoka kitandani na nafasi ya kaburi pia, na Kanisa Katoliki linapotoa Mpako wa Wagonjwa linazishika zote mbili. Imani inayotajwa, isitoshe, ni ya wanaoomba. Yakobo hakusema mgonjwa apimwe imani yake kwanza. Wale wanaomwambia aliyelala kwamba hajapona kwa sababu ana imani haba wameigeuza aya kichwa chini miguu juu.

Na hospitali? Maandiko hayana ugomvi nayo. Hezekia alilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na katika habari hiyohiyo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ikaja na kibandiko. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia akemee tumbo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ambayo Wakatoliki wanayo katika Biblia yao, anamtaka mgonjwa aombe kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Hata wale wakoma kumi wa Luka 17 waliagizwa kwenda kujionyesha kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Walawi ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutamka kwamba mtu ametakata. Yesu aliwapeleka kwenye vipimo.

Walioisoma Biblia hivyo ndio waliojenga hospitali za Haydom, Bugando, KCMC, Ndanda na Peramiho. Kule Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek ina kaulimbiu inayosema wao wanatibu, Yesu anaponya. Mtu anaweza kuicheka, lakini daktari anayefanya kazi chini ya maneno hayo lazima ashone jeraha vizuri kuliko anavyohubiri. Nusu ya wanaotuambia leo kwamba imani na hospitali ni maadui huenda walizaliwa katika wodi iliyojengwa kwa sadaka.

Nisipoitaja hoja moja nyingine ya upande wa pili nitakuwa nimedanganya. Mwaka 2009 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 345 wa saratani iliyokwisha kusambaa. Wale walioegemea sana dini katika kuukabili ugonjwa, asilimia 13.6 walipewa matibabu mazito ya kurefusha uhai katika wiki yao ya mwisho, mashine za kupumulia na kadhalika. Walioegemea kidogo walikuwa asilimia 4.2. Mtu angetarajia wanaoamini mbinguni ndio waachilie kirahisi. Haikuwa hivyo. Wanaofanya kazi katika tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hapa kwetu hawatashangaa: familia inakataa morfini, dawa ya maumivu makali, kwa sababu kuikubali ni "kukata tamaa", mgonjwa anaondoka kwa maumivu huku watu wakiimba kwa sauti. Matumaini yasiyoweza kusikia neno "haitapona" yanamtesa mtu, na lawama ya hilo ni yetu sisi tunaoimba. Daktari hahusiki.

Lakini dawa ya hilo iko katika kitabu kilekile, kurasa ambazo mikutano ya uponyaji huziruka. Vijana watatu mbele ya tanuru ya Nebukadneza walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo", yaani hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Ni mara ngapi umesikia maneno hayo yakitoka madhabahuni wakati mgonjwa amewekewa mikono? Na kuna Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio cha usiku na kuishia gizani, haina aya ya kufungua pazia. Nimewahi kumsomea mgonjwa mmoja zaburi hiyo kwa kukosea. Nilitaka ya 86. Nilipogundua nikataka kuacha. Akanizuia kwa mkono, akasema endelea, huyu ananijua. Hakuwa akitafuta kuambiwa kwamba atapona. Alikuwa amechoka kuchangamkia wageni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka Biblia itolewe wodini kwa jina la sayansi. Ukimnyang'anya mtu asiyeweza maneno aliyofundishwa na bibi yake, hutamwachia akili tupu inayosubiri dozi kwa utulivu. Utamwachia kimya, na kimya hicho atakijaza mwingine, mwenye chupa ya maji ya upako na bei yake. Anayemtakia mema angemuuliza muuguzi mgonjwa huyu husoma nini, akamwita mchungaji wa hospitali awepo daktari anapotoa majibu, na akawaambia wanajumuiya kwamba wakija kuomba waulize pia tarehe ya kliniki na nani atampeleka. Wapo wanaofanya hivyo tayari. Maombi yao hayarekodiwi, na sadaka yao ni uji kwenye chupa ya chai na pesa ya bodaboda.

Paulo ndiye yule ambaye, katika Matendo, leso zilizogusa mwili wake zilipelekewa wagonjwa wakapona. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo, karibu na mwisho, ametia sentensi moja ambayo sijawahi kusikia mahubiri yake: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hakueleza kwa nini. Hakusema imani ya Trofimo ilikuwa na kasoro, wala ya kwake. Sentensi inayofuata anamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi, na mistari michache kabla yake amemwomba asilisahau lile joho lililobaki Troa kwa Karpo.