Mgongo wa mjamzito: uchuliwe au usichuliwe?

Mchuaji mzoefu hamlazi mjamzito kifudifudi. Humkalisha kwenye kiti kinyumenyume, kifua akakiegemeza kwenye mto, kisha huyapasha mafuta ya nazi viganjani na kuanza kumchua taratibu, kutoka kiunoni kwenda juu. Robo saa baadaye mama anainuka, anasema amekuwa mwepesi. Asubuhi hiyohiyo kliniki alipolalamikia mgongo aliambiwa, "Hiyo kawaida, mimba ndivyo zilivyo," akarudishiwa kadi, akaitwa mwingine.

"Kawaida" si uongo. Homoni iitwayo relaksini hulegeza kano za nyonga, tumbo nalo linavyokua kiuno hupinda kwa ndani, misuli ya mgongo ikabeba mzigo kutwa nzima. Misuli iliyokaza ikichuliwa hulegea. Ila nafuu hiyo ni ya muda, na utafiti juu ya kuchua peke yake bado ni haba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unasisitiza mazoezi ya mara kwa mara, na kwa tiba unatoa mifano ya fiziotherapia (tiba ya viungo), mikanda ya kushikilia tumbo na akupancha, yaani tiba ya kuchomwa visindano. Sawa, lakini jaribu kumtafuta mtaalamu wa fiziotherapia kwenye zahanati ya kijijini. Mchuaji yupo nyumba ya tatu.

Nionavyo, wanaobishana wanachanganya mkono wa mgongoni na mkono wa tumboni. Wachuaji wengine hawaishii kiunoni, huhamia tumboni "kumweka mtoto sawa." Hospitalini pia mtoto aliyetanguliza matako huweza kugeuzwa, ila kwa kuangalia altrasaundi na kusikiliza mapigo ya moyo wake, chumba cha upasuaji kikiwa tayari, maana kondo la nyuma likibanduka hakuna muda wa kutafuta bodaboda. Mkono wa tumboni siutetei hata kidogo.

Wa mgongoni nautetea, kwa masharti. Mama akae au alale ubavu; mimba ikishavuka wiki ya 20, akilala chali mfuko wa uzazi huweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, akashikwa na kizunguzungu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe: huenda damu imeganda ndani, na bonge lake likisukumwa linaweza kufika mapafuni. Ile jeli ya babu ya kupaka maumivu, ya diklofenaki, nayo ibaki kwa babu, kwani dawa za kundi hilo zinaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwisho.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kuchua kunatuliza kweli. Mgongo ukiuma pamoja na homa na mkojo unaochoma, huenda maambukizi yameshafika kwenye figo. Maumivu yakija na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, huenda ni uchungu uliowahi. Hapo mchuaji mwenye mikono mizuri anaweza kumpa mama usingizi mtamu usiku uleule aliotakiwa kuwa njiani kwenda hospitali.

Muuguzi aliyesema "kawaida" hakuuliza habari za homa wala mkojo. Mchuaji naye hakuuliza, ila angalau aliuliza panauma wapi.