Mraibu anapokiri kwamba hawezi

Katika programu ya Hatua Kumi na Mbili, inayowasaidia walevi na waraibu wa dawa za kulevya kuacha, inayowaudhi wengi ni hatua ya kwanza: tulikiri kwamba hatuna uwezo juu ya pombe na kwamba maisha yetu yametushinda. Ya tatu inaongeza uamuzi wa kumkabidhi Mungu nia na maisha yetu, kadiri kila mmoja anavyomwelewa. Mwanasaikolojia anauliza: mtu aliyekwisha kuporomoka utamjengaje kwa kumfundisha kusema hawezi? Daktari anahofia mgonjwa ataacha dawa abaki na dua. Shehe na mchungaji nao wanataka kujua huyo Mungu wa "kadiri unavyomwelewa" ni yupi.

Hoja hizo zina uzito, hasa ya daktari, nami nitairudia. Lakini mara nyingi anayezitoa hajui kichwa cha mraibu kinavyofanya kazi. Mtu anayekula unga hakosi nia. Anaamka na arosto, mifupa inauma, makamasi yanamtoka, na kabla ya saa nne asubuhi amekwishapata fedha, muuzaji na mahali pa kujificha. Nia anayo tele. Kilichokakamaa ni fikra: nikitaka naacha, tatizo ni mke wangu, tatizo ni baba mdogo aliyenidhulumu shamba, basi, wiki ijayo. Kila ushauri unamkuta na jibu tayari. Ukimwambia ajikaze, unaipa nguvu akili ile ile inayomdanganya.

Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York, alijikaza miaka na kuapa mara kwa mara kwamba hatakunywa tena. Mei 1935, akiwa Akron, Ohio, biashara imemvunjikia na hamu ya pombe imempanda, hakuapa upya. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akampata Dakta Bob Smith, mpasuaji wa mji huo. Kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa Alcoholics Anonymous, AA. Narcotics Anonymous, NA, ya waraibu wa dawa za kulevya, ikafuata mwaka 1953 huko California, na njia hiyo hiyo leo inatumika katika nyumba za upataji nafuu Zanzibar.

Anayedhani kujisalimisha ni kukunja mikono aitazame hatua ya nne. Mtu huchukua daftari akachora safu. Ya kwanza: nina kinyongo na nani. Ya pili: alinifanya nini. Ya tatu: limenigusa wapi, heshima, mfuko, mapenzi au usalama. Hizo hujaa haraka, maana mraibu ana kesi na dunia nzima. Kisha huja swali la mwisho: na mimi nilikosea wapi? Hapo kalamu husimama. Baba mdogo alidhulumu shamba kweli, lakini ni nani aliyebeba gunia la mpunga la mama akaliuza kwa kete? Katika hatua ya tano yote hayo husomwa mbele ya mtu mwingine. Ya kumi inataka uchunguzi huo uendelee, na ya 11 inaongeza sala na tafakuri. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu ambaye bado anaitetea kesi yake, na ndiyo sababu kukiri kumetangulia. Mwislamu wa pwani hatauona ugeni wowote: aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge, kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 ya walioelekezwa AA kwa utaratibu maalumu hawakuwa wamegusa pombe kabisa. Kwa matibabu mengine, ikiwemo tiba ya kubadili fikra na tabia, walikuwa 35. Tofauti ni watu saba katika kila mia. Mpinzani ataziona ni chache, na atakumbusha kwamba 58 hawakufika. Ni kweli. Ila wale 35 hawakuachwa mikono mitupu. Walihudumiwa na wataalamu waliosomea kazi hiyo. Wale 42 nao walielekezwa na wataalamu, lakini vikao vya AA vyenyewe havina ada, mwendeshaji ni mlevi aliyepata nafuu, na bado njia hiyo haikuzidiwa. Familia ambayo mtoto wake yumo katika wale saba haiwezi kuwaita wachache. Ninachokubali bila shida ni kwamba takwimu hizi ni za pombe, na kwa vipimo vingine, kama kiasi cha kinywaji, njia zote zilikaribiana.

Kwa heroini daktari ana haki zaidi. Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, hupunguza vifo na maambukizi ya VVU, na hakuna daftari linaloweza kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana inaniuma kwamba katika baadhi ya vikao vya NA anayetumia methadoni huruhusiwa kusikiliza tu, asihesabiwe kuwa amepona. Watu waliookolewa kwa kuachia hoja zao wameshika hoja nyingine kwa ngumi ile ile. Mwanzilishi wa AA hakuwa hivyo. Vincent Dole, daktari aliyeanzisha tiba ya methadoni New York katika miaka ya 1960, alikaa kwenye bodi ya wadhamini wa AA, na Wilson, akiwafikiria walevi ambao AA haikuweza kuwafikia, alimwomba atafute dawa ya aina hiyo kwa ajili yao.