Kabureta Hiyo!

Gari la zamani likizima barabarani, kila mpita njia ni fundi, na hukumu yao huwa moja: kabureta. Hili langu ni la mwaka 1967, silinda nne, platini (vidole vya kukata na kuunga umeme wa cheche) na koili (inayoukuza umeme huo), halina kompyuta hata ya kusingizia. Nilipokwenda kuliangalia, mwenye gari alikuwa ameshaliwasha na kulizima. Nikagusa boneti, ya moto. Boneti ya moto ina maana kuna jambo injini ikiwa baridi hulisema waziwazi: starta inavyosota, moshi wa kwanza una rangi gani, valvu zinagonga au zimetulia. Jambo likifichwa, bei hulegea. Tukaelewana.

Jambo lenyewe lilijitokeza lenyewe. Gari linamisi kidogo tangu mwanzo, yaani silinda inarukaruka bila kuwaka, linakwenda dakika 20 hivi, linakohoa, linazima. Ukiliacha nusu saa linawaka kwa mguso mmoja. Ugonjwa wa namna hii ndio unaofilisi watu, kwa sababu gari likifika kwa fundi limeshapoa, lina adabu zote, na fundi anabaki kukuangalia wewe.

"Kabureta hiyo," akasema Mzee jirani yangu, dereva mstaafu. Boneti ilikuwa bado imefungwa. Alikuja na kiti chake.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), cheche na mafuta. Kompresheni hutangulia, maana ikikosekana hayo mengine ni kujichosha. Nikatoa plagi zote nne, nikachomoa waya wa koili ili cheche zisiruke ovyo, nikamkabidhi Mzee pedali ya mafuta aikanyage mpaka sakafuni, kipepeo cha kabureta kifunguke chote. Asipokanyaga, hewa haiingii ya kutosha na geji ya kupimia mbano inadanganya. Nikazungusha starta mizunguko kadhaa kwa kila silinda: bar 10, 10, 9.5, 10. Tofauti ikizidi asilimia 15 hivi ndipo mtu aanze kufikiria valvu na ringi za pistoni. Hapa injini ilikuwa nzima.

"Umeona?" Mzee akapaza sauti kutoka kwenye kiti cha dereva. "Injini nzima! Basi ni kabureta."

Plagi nazo zina maneno. Tatu zilikuwa rangi ya kahawia, afya tupu. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, masizi makavu. Masizi huonyesha mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu, na kwenye injini hii kabureta moja inalisha silinda zote nne, haina sababu ya kumchukia mtoto mmoja. Nikapima nyaya za plagi kwa mita. Tatu zilisoma kilo-omu chache, ya silinda ya tatu haikusoma kitu, imekatika kwa ndani huku nje inang'aa. Waya mpya, misi ikaisha hapo hapo. Mzee alilipokea jambo hilo kwa ukimya wa mtu anayengoja rufaa.

Kuzima kukabaki. Kwenye distribyuta, kigawa cheche, fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya 0.4 mm ilipita kati ya platini bila kugusa upande wowote. Nadhani aliyezirekebisha mwisho alitumia sarafu. Nikazirudisha kwenye 0.4. Koili nayo ilisoma omu 1.5. Hiyo ni koili ya kutumiwa na rizista, kipunguza umeme, nayo ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye volti 12. Koili ya namna hiyo hupata moto hadi haishikiki, na ikishachemka cheche hufifia. Dalili zote zilikuwa zake! Nikafunga koili ya omu 3, tukatoka kulijaribu, Mzee akashika usukani kwa haki ya ustaafu.

Dakika 20. Katikati ya makutano. Kimya.

Vijana wakajitolea kusukuma, na Mzee, badala ya kutulia, akawa anapampu pedali ya mafuta. Kila ukiipampu, kabureta inamwaga petroli mbichi kwenye bomba la kuingizia, hata kama kilichobaki kwenye bakuli lake la akiba ya mafuta ni matone. Swichi imewashwa, gia ya pili, anaachia klachi. Petroli isiyoungua ikajikusanya kwenye bomba la moshi mpaka cheche moja ikaifuata huko. Mlio ulipasua sailensa kwenye mshono. Waliokuwa nyuma walitawanyika pande zote, mmoja akaacha kandambili. Injini ikaunguruma sekunde tatu, ikafa tena.

Watu wakiwa wamekimbia, na sigara zao wameondoka nazo, pakawa pahali pazuri pa kufanyia uchunguzi. Hitilafu inayokuja na kuondoka hukamatwa papo hapo, injini ikiwa bado imezima. Nikaegemeza plagi kwenye chuma cha injini, nikamwambia Mzee apige starta: cheche ya buluu, kali. Umeme umejitetea. Nikatoa kifuniko cha hewa, nikavuta waya wa pedali ya mafuta huku nikichungulia koo la kabureta: hakuna mchirizi, bakuli tupu. Nikachomoa hozi inayotoka kwenye pampu, nikaielekeza kwenye chupa mbali na bomba la moshi. Starta inazunguka, hozi haitoi hata tone, na tangi lina nusu.

Nikaenda kufungua mfuniko wa tangi. Fyuuuuu! Hewa iliingia kwa pumzi ndefu, kisha bati la tangi likarudi mahali pake kwa kishindo, *ndu*. Nikarudi kwenye starta, hozi ikatapika petroli.

Mfuniko ulikuwa mpya, wa kromu, wenye kufuli, na hauna tundu la hewa. Pampu inavuta mafuta, hewa hairuhusiwi kuziba pengo, tangi linajinyonya mpaka kiwambo cha pampu kinashindwa nguvu. Ile nusu saa haikuwa ya kupoa hata kidogo. Hewa ndiyo ilikuwa inapenya taratibu kwenye mpira wa mfuniko. Dawa ni mfuniko wenye tundu. Wapo wanaotoboa ule ule, na kila kona kali inawamwagia petroli ubavuni. Magari mengine hupumulia bomba dogo juu ya tangi, na nyigu wanalipenda sana kwa kujenga, kwa hiyo lipulizwe kwanza.

Nikamweleza Mzee yote haya nikiwa na mfuniko mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Sasa hayo mafuta, kijana, yalikuwa hayafiki wapi?"

"Kwenye kabureta, Mzee."

"Haya."