Kambale wangu alivyoamua kwenda bafuni

Mi hili la kambale halikuanza na njaa, lilianza na simu. Niliugua malaria nikalala ndani siku nne, bando ipo, kazi hakuna, nikajikuta naangalia video za Wamarekani wanavua kambale. Aisee wale jamaa hawako sawa. Wana kambale wa bluu, wana wa kichwa bapa, wana mashindano na mizani na kofia zinafanana, na kule Virginia mwaka 2011 kuna mtu alivua wa bluu mwenye ratili 143, hiyo ni kama kilo 65, sasa huyo sio samaki tena huyo ni mpangaji. Wengine hata ndoano hawatumii, anazama mtoni anaingiza mkono shimoni, kambale anauma mkono, anamvuta nje huku anacheka. Hiyo ya mkono niliikataa palepale kitandani. Mito yetu ukiona shimo ujue lina mwenyewe, na mwenyewe sio samaki.

Ila ugonjwa wa kuvua ukaniingia. Nikaanza kusoma na wa kwetu, nikamjua kambale wetu mpaka jina lake la kisayansi, Clarias gariepinus, masharubu manane, hana magamba, nikamjua kitoga mwenye mkia wa kupasuka, nikamjua ngogogo. Nikasoma pia kwamba kambale ana kiungo juu ya mashavu kinachomfanya avute hewa hii hii tunayovuta sisi, ndo maana mvua ikinyesha anaweza kutoka kwenye dimbwi akatambaa nchi kavu kwenda dimbwi lingine. Nikasema "safi sana", nikapita kwenye kurasa inayofuata. Naomba hapo mpakumbuke.

Ijumaa moja mwezi wa kwanza nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi Dodoma kwenda Mtera, pale kwenye bwawa la umeme. Nimebeba fimbo ya kuvulia ya kuazima na kopo la chambo nilichotengeneza kama nilivyoona kwenye video: maini ya kuku na vitunguu swaumu, yamekaa juani siku tatu. Video hazikusema kuhusu basi. Tulivyofika nusu ya safari konda akasimama katikati akauliza kwa upole kabisa, "Jamani kama kuna mtu anasafirisha msiba aseme, tumchangie." Nikaangalia dirishani kama kila mtu.

Pale bwawani nikaelekezwa kwa mzee mmoja mvuvi wa siku nyingi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umebeba nini humo, mbona nzi wamekutangulia?"

Nikamweleza habari za Marekani. Akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akaniambia nikalimwage mbali na chakula chake. Halafu akatoa mfukoni sabuni ya mche. Sabuni. Akaikata vipande vidogo kwa kisu, akachomeka kimoja kwenye ndoano. Nikadhani ananifanyia utani wa mtani, kumbe ndo chambo chenyewe, na ukifikiria ina akili: kambale anakaa kwenye matope, macho madogo kama ya kuchorwa, anachotegemea ni harufu na ladha, na ladha yenyewe haonji kwa mdomo peke yake, anaonja kwa masharubu na ngozi ya mwili mzima. Yani ni ulimi unaogelea.

Wa kwanza kunasa alikuwa ngogogo. Yule akitoka majini anasimamisha miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, anaifunga kama komeo, hafu anakukoromea. Mi nikamkumbatia kwa furaha. Tulimtoa kwenye sweta langu kwa mkasi, nusu saa, huku anakoroma muda wote kama yeye ndo kaonewa.

Saa kumi hivi, wingu limeshafunga, ndo akaja kambale. Kama kilo nne, mweusi, ananishinda nguvu, babu anapiga kelele mwachie mshipi mwachie mshipi, mi nalia kabisa. Nilipiga picha 31. Babu akamtia kwenye kiroba chenye maji kidogo, halafu akanipa na kirungu kifupi kimelainika kwa kushikwa. "Na hiki, mjukuu wangu, usiondoke bila hiki." Nikakipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikaona jamani wazee wa zamani wana upendo, zawadi ya kumbukumbu hii. Nikakiweka kwenye begi pamoja na kipande cha sabuni kilichobaki.

Nikafika nyumbani saa tatu usiku, umeme umekatika. Kambale katulia kama mfu. Nikamtia kwenye ndoo uani, nikafunika na sinia, nimpare asubuhi (nimpare nini sasa na magamba hana, ila ndo nilivyowaza). Usiku wa manane mvua ikashuka ile ya Dodoma, ya mara chache na ya hasira.

Saa tisa nikasikia mama mwenye nyumba kapiga ukunga bafuni. "Jokaaa! Lina ndevu!"

Nyumba nzima ikatoka. Dereva bodaboda wa chumba cha pili katoka na taulo na helmeti, hajui kwanini kavaa helmeti. Mwalimu anamwaga chumvi mlangoni, mke wake anatafuta mafuta ya taa, mtu mwingine yuko juu ya ngazi anakemea kwa jina la Yesu. Na mimi, mwanaume wa shoka, nikachukua kirungu cha babu nikaingia mbele. Nikainua. Tochi ikammulika. Masharubu manane.

Nikashusha mkono polepole.

"Mama, samahani. Huyu ni wangu."

Sasa mama mwenye nyumba ni Msabato, yule wa kweli. Sabato ilishaanza tangu jua kuzama, na samaki asiye na mapezi na magamba kwake ni najisi, Walawi sura ya 11 aliisoma palepale kwa kichwa, amejifunga kanga, miguu ipo juu ya ndoo. Bafu likasuguliwe lote. Yeye hafanyi kazi Sabato, kwa hiyo nisugue mimi, sasa hivi. Nikasugua kwa sabuni niliyokuwa nayo, kile kipande cha babu. Kambale nimemrudisha kwenye ndoo pembeni, na kila nikisuuza brashi anainua kichwa na masharubu yote ananifuata mkono.

Asubuhi nikampigia babu.

"Kwani hukumpiga?" akauliza.

"Kumpiga na nini babu?"

Kimya. Halafu nikamsikia ameweka simu pembeni anawasimulia wenzake, na kicheko kikaanza karibu kikasambaa mbali, kama watu wa mtumbwi wa tatu huko. Akarudi kwenye simu anahema. "Mjukuu wangu, na ile sabuni basi iko wapi?"

Nikakata.