Si kila neno ni kifupisho

Jamani, ile hadithi kwamba tip ya Kiingereza, yaani bakshishi, ni kifupisho cha "To Insure Promptness" (kuhakikisha huduma ya haraka) itaisha lini? Watu wanaisambaza kama elimu, wengine wanashukuru kwa kufunuliwa macho. Si kweli!

Tip hiyo ilitoka katika lugha ya mafumbo ya wezi wa Uingereza, karne ya 17. Kwao ilikuwa kumpa mtu kitu, kumpenyezea. Baadaye ndipo ikawa fedha ya mhudumu. Mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ulishamiri karne ya 20, kama neno radar lililoundwa mwaka 1940. Wezi wale hawakuwa na habari nao.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uzushi huu unafunika utamu wenyewe. Tip ya ncha, iwe ya kidole au ya kalamu, ni kongwe kuliko ya bakshishi, na ina ndugu zake katika Kiholanzi na Kijerumani. Kuna tip ya kuinamisha kitu mpaka kimwagike; Waingereza wakaifanya pia jina la jalala. Kuna ya kugusa mpira kidogo tu. Kuna ya kumdokezea mtu habari. Kamusi nzuri huyagawa maneno haya katika vidahizo, yaani maingizo ya kamusi, tofauti, maana hayakutoka tumbo moja, ingawa yanaandikwa sawasawa.

Sasa hao wenye vifupisho, jalala nalo wamelipatia herufi zipi? Kamusi zipo, nyingine bure mtandaoni. Kwa nini mtu asifungue kwanza kabla ya kusambaza?