Nilikwenda Berlin kuujua mti wa Mbokomu

Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia katika nyumba ya wazee hapa Berlin aliniuliza natoka wapi hasa. Nikamjibu Tanzania. Akasema Tanzania ni kubwa, sehemu gani? Nikamwambia Moshi, chini ya Kilimanjaro, nikitegemea ataje theluji kama wanavyoitaja wote. Akaweka kikombe chake chini, akasema, "Basi umeuona ule mti."

Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa biolojia. Akanieleza kwamba mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika umesimama kwenye bonde la Mrusungu, una urefu wa mita 81.5, na kwamba mtafiti wa Kijerumani, Andreas Hemp, ndiye aliyetangaza vipimo hivyo na wenzake mwaka 2016. Mimi ni mzaliwa wa Old Moshi. Mrusungu iko Mbokomu, majirani zetu kabisa. Tumeoana nao, tumezikana nao. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na sikuwa nimewahi kuusikia mti huo.

Aibu ile nilitoka nayo kazini nikalala nayo. Tangu hapo nimekuwa nikitembelea miti mikongwe kila nikipata siku mbili za mapumziko, na ninayoandika leo yametokana na safari hizo, za huku na za nyumbani.

Kaskazini mwa Berlin, mwendo wa saa chache, kuna mahali panaitwa Ivenack. Pana mialoni ambayo mikubwa yake inakadiriwa kufikia miaka elfu moja. Kwa karne nyingi watu walichungia ng'ombe, farasi na nguruwe chini yake, na ndiyo sababu haikusongamana: kila mmoja ulipata nafasi ya kutanua matawi upendavyo. Mwaka 2016 mialoni hiyo ikawa ya kwanza Ujerumani kupewa hadhi ya kumbukumbu ya asili ya taifa. Nilifika asubuhi ya baridi. Basi la wanafunzi lilikuwa limefika kabla yangu, watoto wanapiga kelele kama watoto wa popote, lakini walipofika mbele ya mwaloni mkubwa wakanyamaza bila kuambiwa na mwalimu. Lile gome lina mabonde na matuta, limevimba hapa, limepasuka pale, kama mikono ya bibi yangu aliyelima kahawa maisha yake yote. Mdomo wangu ulitaka kusema shikamoo. Nilisema, kwa sauti ndogo.

Huku mti una ulinzi wa maandishi. Hapa Berlin, hata ndani ya uwanja wako mwenyewe, mti wa majani mapana ukishafikisha mzunguko wa sentimita 80, ukipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, huukati mpaka uombe kibali. Hati ya kiwanja ni yako, ukuta ni wako, lakini mti umeshakuwa jambo la mji mzima. Nilipoisikia sheria hii mara ya kwanza niliona ni kumwingilia mtu nyumbani kwake. Sasa naiona ni ya haki.

Sisemi kwamba Wajerumani wanapenda miti kuliko sisi. Milima ya Harz nimeipita kwa gari moshi nikaona misitu imesimama mikavu, ya kijivu, mlima baada ya mlima. Ilikuwa miti ya jamii ya misonobari, aina moja, imepandwa kwa mistari kwa ajili ya mbao. Ukame ulioanza 2018 ukaidhoofisha, na wadudu wa magome wakaimaliza. Kosa la kuuona mti kama mbao tu linafanywa huku pia.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani, kama ilivyo desturi yetu Wachagga. Siku ya tatu nikamwomba mjomba, kaka yake mama, anisindikize Mbokomu. Alishangaa kidogo, kisha akachukua fimbo yake. Tulipita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, yenye migomba na kahawa, tukavuka mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, mpaka tukaanza kushuka korongoni na kijana wa kijijini aliyetuongoza. Udongo ulikuwa umelowa na mjomba aliteleza mara mbili, lakini alikataa kushikwa mkono.

Mti ule ni mkukusu, na mkukusu huuoni kwa mara moja. Kwanza unaona shina, unadhani ni mti mkubwa tu kama mingine. Halafu unainua macho na shina linaendelea. Unaegemeza kichwa nyuma zaidi na bado linaendelea, halina tawi, limenyooka, linapita vilele vya miti ambayo dakika moja iliyopita uliihesabu kuwa mirefu, na majani yake yako mbali kiasi kwamba ni doa la kijani kwenye mwanga. Shingo iliniuma. Nikakaa chini kwenye majani yaliyooza, nikatazama nikiwa nimekaa, na nikajikuta machozi yananitoka mbele ya kijana nisiyemjua.

Wataalamu wanasema mikukusu ya pale imefikia urefu huo kwa sababu mambo kadhaa yamekutana mahali pamoja: udongo wa volkano wenye rutuba, mvua nyingi, joto la kutosha, na korongo lenye kina linaloikinga na upepo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Ujerumani kama dola moja ilizaliwa mwaka 1871; siku hiyo mti huu ulikuwa umeshasimama Mrusungu kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mialoni mirefu ya Ivenack ina kama mita 35. Ungeipandisha miwili, mmoja juu ya mwingine, na bado mkukusu ungeiangalia kutoka juu.

Nilimwambia mjomba habari za yule mzee wa Berlin, na kwamba mti huu umejulikana kwa sababu ya Mjerumani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wenyeji waliujua, mwanangu. Namba yake ndiyo hawakuwa nayo."

Maneno hayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Miti mikongwe ya uchaggani haikulindwa na namba. Ililindwa na mwiko, na masale, mmea wa heshima kwetu, yaliyopandwa mpakani na makaburini, na mzee aliyesema "huo hauguswi" na asiulizwe kwa nini. Ulinzi ule ulikuwa imara, lakini uliishi midomoni mwa watu, na watu wale tunawazika. Serikali imefanya sehemu yake: mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Lakini miti iliyo vijijini, iliyo kwenye vihamba na kando ya mifongo, nani anaiandika?

Kwenye kihamba chetu kulikuwa na mringaringa mkubwa, karibu na masale ya kaburi la babu. Chini yake ndipo ukoo ulipokaa kugawana nyama na kumaliza ugomvi. Miaka minne iliyopita uliangushwa kwa chenso, ukapasuliwa mbao palepale, kwa ajili ya ada ya chuo ya kijana wetu. Simlaumu aliyeuza, nilikuwa Ulaya na sikutuma chochote mwezi ule. Lakini nilipofika Desemba nikaona uwazi ule mahali ulipokuwa mti, nilihisi kama nimeingia nyumbani nikakuta baba ametolewa kitini pake.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda Tsudunyi, hapo hapo Old Moshi. Pale upo mgunga ambao Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa juu yake tarehe 2 Machi 1900, mmoja wa viongozi 19 waliouawa siku hiyo kwa amri ya Wajerumani. Kichwa chake kinasadikika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023, hapa katika mji ninaofanyia kazi, yalitangazwa matokeo ya vipimo vya vinasaba vilivyounganisha mafuvu kadhaa na familia za kwetu, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Hakuna anayekwenda Tsudunyi kupima urefu wa mti. Unasimama, unakumbuka kwamba ulikuwapo, kwamba tawi lilibeba uzito ule na bado kila mvua limechipua. Hofu niliyoipata pale siyo ile ya Mrusungu. Kule niliona udogo wa mwili wangu. Hapa niliogopa kusahau.

Nawasihi wenzangu tulio nje. Vikundi vyetu vya ukoo kwenye simu vinachangishana mamilioni ili makaburi yapigwe marumaru kabla ya Krismasi, na ni jambo jema. Tuchange pia kidogo tuandike miti: jina lake kwa Kichagga, kihamba kilipo, nani alikalishwa baraza chini yake, nani aliizuia isikatwe. Ada ya mtoto ikipungua, ukoo utuulize sisi kwanza kabla ya kumwita mwenye chenso. Na walimu wa Moshi, wapelekeni watoto Mrusungu na Tsudunyi, wasije wakasubiri kuambiwa na mgonjwa wa Kijerumani kama mimi.

Niliporudi kazini Januari nilimpelekea yule mzee picha. Nilimweleza kwamba mti haukuenea pichani, kwamba nilijaribu kuipiga nikiwa nimelala chali na bado kilele kilikatika. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza sisi wenyewe tunauitaje. Nikamwambia mkukusu. Hakulipata jina vizuri mara ya kwanza. Nikalirudia polepole, silabi moja moja, naye akalirudia nyuma yangu.