Mawaridi Matatu Kifuani mwa Mshenga

Binamu yangu ameshasambaza kwenye magrupu yote kwamba nimemmwagia mshenga ndoo ya rangi. Uongo! Ndoo haikuwepo. Ilikuwa karatasi moja.

Mnanijua na maua yangu ya rangi za maji. Mawaridi matatu ndani ya birika bovu la bibi, hapo sebuleni dirishani. Nalowesha karatasi, nadondosha rangi, naiacha itambae itakavyo. Ikikauka ndipo naingia na kalamu ya wino, mistari ya harakaharaka isiyojali kingo za rangi. Ukiwahi, wino nao unatambaa, kwa hiyo nilikuwa nasubiri. Karatasi nzito za gramu 300 zilishaisha, nikatumia nyepesi, tena bila kuibandika ubaoni. (Wachoraji, nyamazeni.) Umeme umekatika, feni limeachwa namba tatu, linatazama meza yangu.

Wazee wa posa ya dada wakaingia mapema. Nani huwahi posa?

Mshenga kaketi mkabala nami, kanzu nyeupe pee. Akakohoa, akaanza: "Tumepita njia, tukaona ua kwenye nyumba hii..." Wallahi, "ua" halijamtoka vizuri mdomoni, umeme ukarudi.

Feni likajizungusha mara moja, kivivu. Kona ya karatasi ikanyanyuka. Nikaiona. Nikanyoosha mkono wenye brashi, sijui nilitaka kuifanyia nini. Namba tatu ikashika. Karatasi ikasimama wima, ikanipa mgongo, ikavuka stuli, ikapita juu ya sahani ya kashata bila kugusa hata moja, ikatua kifuani mwa mzee. Pwa! Upande wa rangi.

Haikuanguka. Iling'ang'ania. Mzee akaitazama. Mama akanitazama mimi. Ndipo ikaanza kuteleza, taratiiibu, hadi mapajani, ikaacha mawaridi matatu kwenye kanzu, kingo laini, rangi imetambaa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuchora.

Nikasema, "Shikamoo."

Nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba," akajibu. "Ua tumepewa hata mahari hatujataja." Watu wakacheka, posa ikapokelewa, mimi nikatumwa kufua. Sabuni, ndimu, chumvi: mawaridi mawili yamefifia, la tatu limegoma. Binamu ananishauri nilimalizie kwa wino. Kanzu inatakiwa kabla ya Ijumaa; mwenye dawa ya doa aje inboksi, na asiniulize kama mchoro unauzwa.